Mguu wa Kushoto wa Celestine

Kwa majuma matatu kijiji kizima cha Nyacheki kilimsifu Nyamoita kwa kunona. Uso ulijaa, shingo ikanenepa, pete ikagoma kutoka kidoleni. "Mama Anyona, huyo ng'ombe wako anatoa maziwa au siagi?" wenzake wakamtania penye mizani ya majani chai. Naye akacheka, akawaficha kwamba siku hizi analala ameketi, maana akijilaza chali pumzi inakatika. Nani ataharibu sifa kama hiyo?

Sabato ya Meza ya Bwana ikafika. Kabla ya mkate, Wasabato huoshana miguu, wanawake kwa wanawake. Nyamoita akapangiwa kumwosha Celestine, nesi wa zahanati, mtu asiyejua kunyamaza. Akapiga magoti, akainamia beseni, akaosha mguu wa kulia. Alipoushika wa kushoto, kichwa kikamjaa kama chungu kinachochemka.

"Inuka!" Celestine akasema. "Uso umekuwa zambarau."

"Bado mguu mmoja, dada."

"Utaubakisha. Fungua kola." Mishipa ilikuwa imetambaa kifuani kama mizizi. "Huku si kunona, mama. Damu ya kichwani imekosa njia ya kurudi moyoni."

"Ale mkate kwanza," mzee wa kanisa akasihi.

"Mkate utangoja, mzee. Koo likivimba kwa ndani, pumzi haitangoja."

Wakampakia kwenye pikapu ya Omosa, muumini mwenzao, ameketi wima. Celestine akapanda pekupeku.

Hospitalini, picha ya kifua ikaonyesha matezi yamevimba, yameubana mshipa mkubwa. Wakakata kipande, wakapima.

"Wengine hubanwa na saratani ya mapafu, wengine huzibwa na damu iliyoganda," daktari akamwambia. "Yako ni saratani ya matezi, na hii husikia dawa. Lakini ungekaa wiki nyingine ukisifiwa..."

Dawa ikaingia tone kwa tone, miezi ikapita. Nywele zikaenda, ila uso wake wa zamani ukarudi, mashavu yamebonyea vilevile. Sabato ya kuoshana miguu ilipomkuta na nguvu, akaingia kanisani na kitambaa kichwani, beseni kalibeba mwenyewe.

"Woi, umekonda, Mama Anyona!" mmoja akamhurumia.

"Asifiwe Mungu!" akajibu, kanisa zima likageuka.

Akapiga magoti mbele ya Celestine. Akainama, akainama mpaka pua ikakaribia maji, akavuta pumzi moja ndefu, na ikaingia yote.

"Haya," akasema, "lete ule wa kushoto."