Jipsam Kwenye Kifusi

Fundi hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kumrukia. Alikuwa mwashi aliyejenga karibu nusu ya mtaa, na kwa miaka mingi aliyetaka kusimamisha ukuta hakuwa na pa kwenda zaidi ya kwake. Kilichomharibu ni wivu. Tena si wivu wa mbali, wa kumtazama tajiri fulani akipita na gari lake. Huu ulikuwa wivu wa ndani ya nyumba, juu ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mwiko.

Shemeji huyo alimwacha Fundi akaenda kuokota takataka. Hivyo ndivyo Fundi alivyokuwa akisimulia, na ndiye aliyembandika jina la Vifusi, akilitamka kwa kubinua mdomo. Popote nyumba ilipobomolewa, Vifusi alifika na toroli kuwaomba wenyewe wasikimwage kifusi bondeni. Alitenga mbao, akanyoosha nondo, akagonga matofali mazima kuyatoa saruji ya zamani. Kilichobaki alikisaga kwa mashine kikawa kokoto, akafyatulia matofali mapya. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Anajenga kwa maiti za nyumba," aliwaambia watu, na watu wakacheka naye.

Kicheko kilikatika siku shule ya mtaa ilipotaka kuongeza madarasa. Kazi za shule zilikuwa za Fundi miaka yote, bila mjadala. Safari hii mwalimu mkuu alikwenda kwenye uwanja Vifusi alikofyatulia, akachukua tofali, akaliangusha chini kwa makusudi. Lilipokataa kuvunjika, akampa kazi yote, matofali na kuta. Fundi aliipata habari hiyo kinyozini, sabuni ingali kidevuni, kutoka kwa mtu aliyedhani anampa hongera. "Shemeji yako ametisha," yule mtu alimwambia. "Kumbe ulifundisha kichwa." Na lile jina la dharau sasa watu walilitaja kwa heshima, Bosi Vifusi huku, Bosi Vifusi kule, utadhani amezaliwa nalo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe akipakua chakula, habari ni Vifusi. Akianua nguo, Vifusi.

"Baba watoto, umeliona lile bonde? Siku hizi hakuna anayemwaga kifusi tena."

"Nimeliona."

"Si ungekwenda kufanya naye kazi? Anakuheshimu. Juzi aliniuliza kama utakubali kuwasimamia mafundi wake."

"Nikawe kibarua wa mwanafunzi wangu?"

"Nani kasema kibarua? Wewe nawe, maneno unayatoa wapi?"

Fundi aliisukuma sahani. Roho ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba matofali yale yalikuwa mazuri. Alikuwa ameyapapasa kwa siri, akayageuza kila upande akitafuta kasoro, asiione. Yangekuwa mabovu angelala usingizi wake. Sasa alilala macho akiwaza kwamba ikifika siku kuta zile zimesimama, hakuna atakayemwita tena yeye.

Kesho yake mchana, wafanyakazi wa Vifusi walipokwenda kula, Fundi alipita uwanjani. Lundo la kifusi cha ghala lililobomolewa lilikuwa tayari kusagwa. Pembeni, mbali nalo, kulikuwa na vipande vya dari la jipsam vilivyotengwa vikatupwe. Mwashi yeyote anajua kwamba jipsam na saruji hazikai pamoja. Tofali lenye jipsam linatoka zuri na kukauka vizuri, halafu mvua zikishanyesha linavimba kutoka ndani na kupasuka. Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaanza kuviokota vile vipande na kuvichomeka ndani ya lundo, huku na huku. Alijiambia kuta hazitamwangukia mtu, zitapata nyufa tu, nyufa za kumfanya mwalimu mkuu ajute. Akajikung'uta mikono, akaondoka akipiga mluzi, mtu mzima na akili zake.

Asubuhi Vifusi alimpigia simu. "Shemeji, naomba uje. Nimepata tatizo."

Alikwenda, nusu ana furaha, nusu ana hofu. Alikuta mashine imezimwa na wafanyakazi wamekaa chini. Vifusi alikuwa ameshika kipande cha jipsam.

"Imeingia kwenye kifusi," alisema. "Sisagi hata koleo moja mpaka itoke yote. Na hapa hakuna mwenye jicho kama lako." Kisha akawageukia watu wake. "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Atakachowaambia, fuateni."

Angesema nini? Aliletewa kigoda, akaketi, akaanza kuchambua kwa mkono kile alichokitia kwa mkono. Kila alipotoa kipande walimshukuru. Waliokuwa wakichambua naye walianza kumwita mwalimu, na mwanamke mmoja akamletea maji kwa mikono miwili. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo hakuacha kumtazama Vifusi kwa kuibia, jinsi watu walivyomzunguka na kutaniana naye wakati hasara ni yake, na hapo hapo kijicho kikamwanza upya.

Alasiri alisimama akashika kiuno. "Imekwisha," alisema. "Washa mashine."

Vifusi aliwaambia watu wake waende kunawa. Walipobaki wawili, alichuchumaa kando ya Fundi bila kumtazama usoni, na sauti yake ilikuwa ileile ya adabu aliyokuwa akiitumia tangu anajifunza kazi.

"Bado kimoja, shemeji. Kile kikubwa, ulichokisukuma chini ya bamba la zege, upande wa ukutani."

Fundi alilitazama lile bamba. Kile alikuwa amekiacha akijua, kwa sababu hakuna jicho la binadamu ambalo lingekiona pale, na kukitoa kungekuwa kujitaja mwenyewe.

"Jana mimi sikwenda kula. Dada hajui," Vifusi aliongeza. "Wala hawa hawajui. Shika huku, tuinue wote."

Masikio yalimwaka Fundi kwa aibu. Lakini kilichomchoma hakikuwa aibu peke yake. Alijiuliza, kama yeye ndiye angemwona mwenzake akitenda vile, angenyamaza? Jibu alilijua, na kwa jibu hilo alimwonea shemeji yake wivu kuliko alivyowahi kumwonea kwa matofali yote ya dunia. Akainama, akashika bamba upande wake.