Chupa Zisizofuata Upepo

Upepo ukivuma kutoka upande wa barabara kuu, takataka zote za bwawa letu huhamia kwenye ukuta wa zege. Chupa, vifuniko, ndala za mguu mmoja, hata mipira ya watoto, vyote hujipanga pale vikingoja niviopoe kwa chandarua changu chenye mpini mrefu. Hiyo ni nusu ya kazi yangu. Nusu nyingine ni kulinda samaki. Mimi ni mlinzi wa bwawa la mjini, na wanaokuja kuvua kwa ndoano siku za mapumziko wananiita Mama Perege. Wengine wananiita hivyo kwa kunikejeli, eti nawapenda perege kuliko watu. Kuna watu nawajua, kwa hiyo sibishani nao.

Mchana huo upepo ulikuwa umechachamaa. Nilikaa nyuma ya boti, shemeji yangu akapiga makasia. Mpiga makasia huupa mgongo upande anakokwenda, hivyo muda wote alikuwa ananitazama mimi usoni, na mimi ndiye niliyekuwa naona mbele. Nikaona chupa za njano kando ya matete. Mawimbi yalikuwa yanazirusha juu na chini, lakini hazikusogea hata kidogo. Takataka nyingine zote zilikuwa njiani kuelekea ukutani.

Chupa isiyofuata upepo imefungwa kwenye kitu.

"Shemeji, tupeleke kwenye matete," nikamwambia.

"Kule kuna tope. Tutakwama."

"Bwawa limejaa tangu mvua zile. Twende."

"Mkono wenyewe leo unaniuma."

Akaanza kuvuta kasia moja kwa nguvu kuliko lingine, boti ikawa inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikamkata jicho. Huyu ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Anakaa kwetu, anakula kwetu, na kazi hii nilimwombea mimi. Nilikwenda kwa mkuu wetu nikajishusha mpaka nikajionea aibu, nikamwambia kijana ni mwaminifu, mpe makasia. Kwa hiyo nilipomwona anameza mate na kukwepa macho yangu, nikayanyooshea mkono makasia.

"Nipishe," nikasema, "nitapiga mwenyewe."

Tukabadilishana nafasi. Nilipofika kwenye matete nikashika chupa ya kwanza. Shingoni ilikuwa na uzi mwekundu.

Mama mkwe anatengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuiuza mtaani. Kila chupa yake hufungwa uzi mwekundu shingoni ili wateja wasizichanganye na za watu wengine, na nyuzi hizo nazifunga mimi jioni, kwa fundo langu la kukunja mara mbili, kwa sababu yeye vidole vyake vimekakamaa. Nililitazama fundo lile na nikalijua kama ninavyoujua mwandiko wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

Nikauvuta wavu ulioning'inia chini ya chupa zile. Ulikuwa mzito mpaka ubavu wa boti ukainama. Perege walikuwa wamejaa, mmoja juu ya mwingine, na karibu wote walikuwa majike waliofunga midomo kama watu wenye siri.

Hapa inabidi nieleze, maana ndilo jambo lenyewe. Perege jike hubeba mayai mdomoni, na yakianguliwa huwabeba watoto humo humo mpaka wapate nguvu. Kipindi hicho hali chochote. Ndoano hata uipake asali hatageuka kuitazama. Ndiyo maana msimu huu bwawa linafungwa, na ndiyo maana mwizi wa msimu huu hana njia ila wavu, nao ni marufuku mwaka mzima. Tena lazima ajue mahali, kwa sababu majike hujificha kwenye maji ya kina kifupi, nyuma ya matete, upande mmoja tu wa bwawa. Shemeji alipajua. Nilimwonyesha mimi alipoanza kazi, nikiwa na fahari ya mwalimu.

Ng'ambo, juu ya tuta, watu wawili walikuwa wamesimama kando ya pikipiki yenye sanduku la barafu. Waliponiona nimeushika wavu, mmoja akawasha pikipiki, mwenzake akaruka nyuma, wakaenda zao. Shemeji akawasindikiza kwa macho.

"Wateja wako hao?" nikauliza.

Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

Sasa sikilizeni nilivyokabwa. Kanuni yetu inasema wavu ukikamatwa upelekwe ofisini pamoja na samaki wake, kwa sababu samaki ndio kielelezo cha mahakamani. Nikiwapeleka wale wote, nimelimaliza bwawa kwa mkono wangu, na mwakani tutakuwa tunalinda maji matupu. Nikiwaachia wote, hakuna kesi, na mji mzima utasema Mama Perege amemsitiri shemeji yake. Wakisema hivyo watakuwa na haki. Samaki na mwizi wangeokoka kwa tendo lile lile, na hilo lilinitia hasira kuliko wavu wenyewe.

Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwarudisha majini. Wengine walikuwa wametema watoto tayari, vitu vidogo kama mbegu za nyanya, vikitapatapa kwenye nyuzi. Nilikuwa nautumbukiza wavu na kuutikisa ili vitoke. Mikono ilikatwakatwa na mapezi. Shemeji akasogea, akaanza kunisaidia, na kwa kweli alikuwa mwepesi wa vidole.

"Asante, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua hutanitupa. Mimi ni mdogo wenu."

Nilipofika kwa samaki wa mwisho, jike mkubwa mwenye kovu mkiani, nikachota maji kwa ndoo nikamtia humo. Nikaibana ndoo katikati ya magoti yangu, nikaukunja wavu na chupa zake chini ya miguu.

"Huyo je?" akauliza.

"Huyu ni shahidi. Kamata makasia, tunakwenda ofisini."

Alirudi kwenye makasia kwa sababu alizoea nikisema afanye, lakini tulipofika katikati ya bwawa akayaacha yakaning'inia. Boti ikasimama. Akanitazama, na safari hii hakukwepa.

"Unanifunga, shemeji?"

"Umejifunga mwenyewe."

"Kaka anajua unachofanya?"

"Kaka yako yuko kazini. Na wewe ulitakiwa uwe kazini."

"Mama ana presha. Unajua."

"Najua. Dawa zake nampa mimi."

Akainama kutazama ndani ya ndoo. Yule jike alikuwa ametema watoto wake, wingu dogo la vijidudu vyenye macho. Halafu, huku tukimtazama, akafungua mdomo, nao wakaanza kurudi, wakiingia kwa mkupuo kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Mwangalie," shemeji akasema taratibu. "Anaokota watoto wake. Wewe si ndiye unayesema hawa hawana mtetezi? Mrudishe. Au huyu hana haki?"

Alinijua, kijana yule. Amekaa mezani kwangu miaka, amenisikia nikihubiri habari za perege mpaka mume wangu akawa anaomba chumvi ili kunikatiza. Alijua pa kunichoma. Na nikiri, niliumia. Nilitaka kuimwaga ile ndoo, nilitaka sana.

"Piga makasia," nikasema.

"Hatuendi popote mpaka umwage hiyo ndoo."

"Haya, tukae."

Tukakaa. Alikuwa amesahau jambo moja, kwamba upepo haukuwa mwajiriwa wake. Taratibu boti ikaanza kusogea pamoja na vifuniko na ndala, kuelekea ukutani, na ofisi yetu iko juu ya ukuta ule. Alipogeuka kutazama nyuma na kuona tulipofika, akairukia ndoo. Boti ikalala upande, maji yakaingia mpaka kwenye viatu vyangu. Nikaikumbatia ndoo kwa mikono miwili.

"Ukiivuta tena tunapinduka," nikamwambia, "na wewe hujui kuogelea. Mimi najua, lakini mikono yangu imeshika samaki."

Akaniachia. Akarudi kukaa. Boti ikagusa ukuta.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Kanuni. Si mtu mbaya, ila hata chai hanywi mpaka asome maelekezo ya pakiti. Alisikiliza habari yangu yote akiwa amesimama, akitazama wavu uliokuwa unachuruzika maji sakafuni kwake.

"Wengine wako wapi?"

"Nimewarudisha. Walikuwa na watoto mdomoni."

"Umeharibu vielelezo."

"Nimebakiza mmoja."

"Na wavu unasema ni wa nani?"

Nilijua nikishalisema neno hilo halirudi. "Wa shemeji yangu, huyu hapa. Chupa hizi zimetoka nyumbani kwangu. Nyuzi nilizifunga mimi."

Bwana Kanuni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia shemeji. "Utaratibu uko hivi. Ukikiri hapa na kuweka saini, picha inatosha, samaki tunamrudisha majini. Ukikana, kesi inakwenda mahakamani na kielelezo lazima kihifadhiwe. Tangi hatuna. Friza lipo."

Friza lilikuwa pale pembeni, tunamoweka maji ya kunywa. Shemeji hakulitazama. Alinitazama mimi, na nikaona mahesabu yake yote. Alikuwa na kazi moja tu, kukana na kungoja nishindwe mimi. Nikishindwa nitaibeba ndoo nikaimwage bwawani, na kesi itakwisha hapo.

"Wavu siujui," akasema. "Chupa za mama zinazagaa mji mzima."

Bwana Kanuni akanitazama kama mtu anayeomba radhi.

Nikainyanyua ndoo. Ilikuwa nzito kuliko nilipoibeba kupanda ngazi. Jike alikuwa amefunga mdomo tena, watoto wote ndani, mashavu yamevimba. Nilifikiri kuwatoa watoto nikawarudishe wenyewe, lakini bila mama wangekuwa chakula kabla sijageuka. Nikafungua friza, nikasogeza chupa za maji, nikaiingiza ndoo.

"Shemeji," akasema. "Kweli?"

Nikalifunga. Niliuacha mkono wangu juu ya mfuniko. Sijawahi kujichukia hivyo maishani mwangu.

Kwanza tulisikia mlio wa friza peke yake. Halafu samaki akaanza. Alikuwa anapiga ndoo kwa mkia, ananyamaza, anapiga tena. Bwana Kanuni akajifanya anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa juu ya friza, na wa pili niliogopa nikiunyanyua nitafungua.

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Kila samaki alipopiga, mabega yake yalishtuka. Mapigo yakaanza kuachana mbali. Akainua uso, na haukuwa tena uso wa mtu anayepiga mahesabu.

"Mtoe," akasema.

Sikusogea. "Wavu ni wa nani?"

"Wangu. Ni wangu, nimesema. Mtoe huyo kiumbe."

Bwana Kanuni akampa kalamu. Nilingoja mpaka saini ikamalizika, herufi ya mwisho, ndipo nikafungua. Picha ikapigwa juu juu, nikashuka ngazi mbio huku maji yakinimwagikia. Nikainamisha ndoo ukingoni. Jike alilala ubavu kwa muda mrefu, watoto wengine wameshaelea nje ya mdomo wake, weupe, hawatikisiki. Nikamshika tumboni, nikamsogeza mbele na nyuma ili maji yapite kwenye mashavu, kama ninavyowafanyia waliochoka kwenye ndoano. Alichelewa. Mwishowe akapiga mkia mara moja, akazama, na sikuona alibaki na watoto wangapi.

Niliporudi juu walikuwa wanamngoja askari. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya mapaja, na alionekana mdogo kuliko umri wake. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwombea kazi kwa kumpenda, na kwamba bado ni mdogo wetu. Nikaanza, akanikatiza.

"Usinieleze mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo. Mama utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Usimwachie kaka."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo."

Nilitembea kwa miguu kwenda nyumbani. Nilipita njia ndefu, nikasimama dukani bila kununua kitu, nikaendelea. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akipepeta mchele, kwa sababu zamu ya kupika ilikuwa yangu na alinionea huruma kwamba nitachelewa. Nikamwamkia, akaitikia. Akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, barabarani, kisha akanitazama mimi na nguo zangu zilizolowa.

"Mwenzio umemwacha wapi?"

Nikachuchumaa mbele yake ili nisimwambie nikiwa nimesimama.

"Nimemkamata, mama."