Mti na Umuti

Zaitun alikuwa akigeuza majani ya mubirizi, mti mchungu wa dawa za kienyeji, mkekani, uani kwa baba yake Kibondo, mgeni alipobisha hodi. Mzee, vumbi hadi kwenye kope. Akajitaja: Nduwayezu, mkulima wa Kasulu. Alikuwa amepanda basi tangu alfajiri kumfuata binti aliyesema redioni kwamba amepata dawa ya saratani.

"Sikusema hivyo, mzee wangu."

"Ulisema, mwanangu. Umepata umuti."

Zaitun akaacha kugeuza majani. Redioni alisema mti: mti ambao maji ya majani yake, katika kisahani cha maabara ya Dar es Salaam aliyoikusanyia majani, yalizizuia seli za saratani zisigawanyike. Lakini kwa Kirundi cha mzee huyu, kama kwa Kiha cha kwao Zaitun, umuti ni dawa. Naye, Muha wa kuzaliwa, hakulikumbuka hilo.

Akamweleza taratibu. Kisahani si mwili wa mtu; toka mti hadi dawa kuna miaka. Mzee alisikiliza macho yakiwa mkekani. Kisha akasema mkewe, Esteri, ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Tangu siku ya redio amekataa hospitali. Anamngoja binti wa umuti.

Mama yake Zaitun naye alingoja hivyo hivyo, akinywa mubirizi na kuulizia kama mahindi yamechomoza. Mpaka leo harufu ya majani hayo ikipanda, Zaitun hugeuka kumtazama.

"Mimi hatanisikia," mzee alisema. "Njoo umwambie mwenyewe."

"Ijumaa nitakuja."

Alhamisi simu ikalia. Gari la maabara lingepita kesho yake asubuhi kuelekea Dar es Salaam, na nafasi yake imo. Mwaka mzima alikuwa ametamani kuziona seli zile kwa macho yake, chini ya hadubini, zikisimama. Akaomba wasubiri siku moja. Dereva akamuuliza kama anakwenda kuposwa Kasulu. Majani yakaondoka, nafasi akapewa mwingine.

Ijumaa, huko Kasulu, Esteri alimpokea amevaa kitenge cha kanisani. Akaitazama mikono mitupu ya Zaitun.

"Hukuja nao?"

"Sikuja nao, mama. Bado haupo. Ungekuwapo, nisingemzika mama yangu."

Esteri akaweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akamwambia mumewe asisahau kuwafungia mbuzi, akajitanda khanga. Zaitun akabeba kikapu chenye shuka za Esteri, wakaongozana kwenda hospitali.