Hasira za Bibi kwa Herufi

Fundi redio alifanya kosa moja tu asubuhi ile, lakini kosa lenyewe sasa! Alichukua mkasi wa kitambaa wa mkewe, akakatia waya. Hebu fikiria, mkasi wa fundi cherehani! Ukapata pengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Mkewe akauangalia mkasi, akamwangalia na yeye, asiseme kitu.

Mpaka mchana, kimya. Mzee wa watu kakaa kibarazani na redio aliyoifungua, wala hakumbuki alitaka kutengeneza nini. Pembeni yake yupo mjukuu wake wa kike anayesoma chuo, anajifunza kugeuza maneno ya watu yawe herufi, halafu herufi zithibitishe jambo.

"Hebu nithibitishie kama bibi yako bado kanuna," babu akanong'ona. "Akikasirika, hunyamaza. Amenyamaza. Basi kakasirika. Andika."

Mjukuu akaandika: H, hasira. N, kunyamaza. Akachora mshale kutoka H kwenda N, akatikisa kichwa. "Haikubali, babu. Mshale haurudi nyuma. Mtu hunyamaza kwa mengine pia."

"Mengine yapi?"

"Chungulia."

Babu akachungulia dirishani. Mkewe yuko kwenye cherehani, mdomo umejaa pini. Na mapajani, loo, koti lake yeye, lile lililochanika kwapani!

"Andika nyingine, haraka! Akikasirika, hagusi nguo zangu. Na sasa kashika koti!"

"Hiyo inakubali." Mjukuu akaandika huku anacheka. "H ikiwepo, G ya kugusa haipo. G ipo. Basi H haipo. Hana hasira, babu."

Babu akaingia kifua mbele. "Mke wangu, imethibitika kwa herufi. Huna hasira."

Bibi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Nani kasema?"

"Si ukikasirika hugusi nguo zangu?"

"Nani kakudanganya? Hasira ninazo mpaka hapa!" Akajigusa kooni. "Koti nashona kwa sababu jioni kutakuwa na baridi, na kifua chako nakijua. We mke mwenzangu huko nje, futa huo uongo!"

Mjukuu akafuta mstari wa kwanza wa hoja ya koti, na yote ya chini yake yakaanguka.

Babu alisimama pale, uso umemchanua kama aliyesifiwa. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na cherehani, akakinga kiganja.

"Nipe pini nikushikie," akasema, "upate kunisema vizuri."

Akampa. Akaanza.