Vanishi Chini ya Kitanda

Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1995, saa kumi na moja jioni, Apollinarie fundi seremala aliingiza makopo ya vanishi ndani ya nyumba, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka sita. Aliyapanga chini ya kitanda: makopo kumi na moja ya vanishi, manne ya thina ya kuyeyushia vanishi, na dumu la mafuta ya kitani. Matambara yaliyolowa mafuta aliyakunjakunja akayasukumia nyuma kabisa, ukutani. Kisha akaenda kunawa mikono. Mkewe Odeta alikuwa sebuleni akifunga mzigo wa safari.

Mzigo ulikuwa wa Sitalike. Binti yao wa pekee, Eufrazia, alikuwa ameolewa huko na siku zake za kujifungua zilikuwa zimewadia. Uzazi wa kwanza bila mama ni uzazi wa yatima, ndivyo Odeta alivyoona, na kwa ajili hiyo alikuwa amepanga foleni siku nne mbele ya ofisi ya makazi ya wakimbizi kuomba kibali, maana mkimbizi wa pale hakuruhusiwa kuvuka geti bila karatasi. Walimpa siku saba, Jumatatu mpaka Jumapili. Lori la mahindi lingepita getini alfajiri.

Habari ya makopo Odeta alikwisha kuisema mpaka akachoka. Hakujua Kiingereza, lakini picha za kwenye kopo hazikuhitaji shule: moto uliopigwa mstari, dirisha lililo wazi, mtu aliyejishika kichwa. Alikuwa amefyatua tofali kwa mikono yake na kujenga kibanda nyuma ya nyumba, mbali na jiko, chenye matundu ya hewa huku na huku, rafu ya kuyainua makopo yasiguse udongo, na kamba ya kuanikia matambara. Apollinarie alikisifu sana kibanda kile. Akafugia kuku.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Apollinarie aliumwa kweli. Mwaka 1972, kule Burundi, karakana yake ilikuwa hatua hamsini kutoka nyumbani, na siku ya kukimbia mauaji hatua hizo hamsini hazikupitika. Randa na misumeno vilibaki, na mdogo wake aliyelala humo kuvilinda akabaki navyo. Tangu hapo sheria ya nyumba ikawa moja: kitu cha thamani kilale anapolala mwenyewe. Mwaka 1993, redio ilipoleta tena habari mbaya za kwao, alilipigilia misumari dirisha la chumba. Yeye alilala upande wa mlango pamoja na panga, mke akalala upande wa ukuta, kama mume mwenye kujali anavyotakiwa kupanga.

Hewa ya chumbani ilianza kuganda mwezi wa sita. Kwanza alikwama mbu mmoja juu ya mto wa Odeta, akabaki hapo, miguu inaning'inia. Wiki iliyofuata Odeta alitundika kitambaa chake cha kichwa mahali palepale, hewani, kikakaa, na akaona ni afadhali kuliko msumari kwa kuwa hakikutoboka. Kitanda nacho kilikuwa na joto kutoka chini, hata Julai, yale matambara yakijipasha yenyewe. Yote hayo yalikuwa upande wa ukuta. Upande wa mlango hewa ilipita kama kawaida.

Jumatatu Odeta alipotaka kuamka, hakuinuka. Hewa ilikuwa imekauka, ngumu na safi, yenye rangi ya asali kwa mbali, kuanzia chini ya kidevu mpaka miguuni. Lori lilipiga honi getini mara tatu, likasubiri kidogo kwa heshima yake, likaenda.

"Baba Eufrazia," alisema, "nimeshikwa."

Apollinarie alikuja akagonga kwa ukucha. "Umeshikwa kweli. Vanishi ya safari hii ni nzuri."

"Leta thina."

Alichuchumaa kando ya kitanda. Alimpenda mkewe, na hilo msilitilie shaka, machozi yalimtoka. Lakini thina ile ilikuwa ya madawati arobaini ya ofisi ya makazi, na ofisi hiyohiyo ndiyo iliyotoa vibali. Nani angeigusa? Alipima kizibo kimoja cha soda. Kila asubuhi alileta kizibo kimoja na tambara safi, akasugua taratibu kwa mkono wa fundi, na ilipofika Alhamisi mkono wa kulia wa Odeta ulikuwa nje mpaka kwenye kiwiko. Kwa mkono huo alijinywesha uji.

Alhamisi hiyo dereva wa lori alileta salamu: Eufrazia amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, ila anamuulizia mama. Odeta aligeuzia uso ukutani akalia mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumapili alikuja karani wa vibali kuichukua karatasi yake. Alikuwa mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alivua kofia mlangoni, akasalimia, akaisoma karatasi mbele na nyuma.

"Hukusafiri, mama."

"Sikuweza. Niongezee siku saba zingine, nikitoka tu niende."

"Kuongeza ni lazima mhusika afike ofisini mwenyewe."

"Si unaniona nilivyo?"

"Nakuona, mama yangu. Mimi sijakukataza kuja."

Akaandika kwamba mwombaji hakusafiri, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Kabla ya kutoka aliipapasa ile hewa kwa kiganja, akamuuliza Apollinarie amepaka mara ngapi. Apollinarie akajibu hakupaka, imekaa tu. Karani akasema angefurahi meza yake nayo ing'ae vile.

Majirani walizoea upesi. Akina mama wa jumuiya walihamishia sala ya Jumatano chumbani kwa Odeta, asikose. Walikaa upande wa mlango, wakatoka vichwa vinawauma, na Jumatano iliyofuata wakarudi. Madawati arobaini yalikwisha, ofisi ikayasifu, ikaagiza mengine sitini.

Katikati ya Oktoba Eufrazia alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Alimsalimu baba yake shikamoo, akaingia chumbani, akamtazama mama yake kuanzia kichwani mpaka miguuni kisha akavuta kopo zima la thina na kulimimina begani kwake. Hewa ikalainika kama nta. Bega lilitoka, na Odeta alisikia ubaridi ambao hakuwa ameusikia tangu Agosti. Alifurahi mpaka akacheka kwa sauti. Lakini dirisha lilikuwa na misumari yake, na makopo yalikuwa yaleyale. Kabla maji ya chai hayajachemka, bega lilikuwa limeshikwa upya.

Eufrazia akaanza kutoa makopo. Alipeleka sita kibandani kwa kuku. Baba yake, bila kugomba, akarudisha sita.

"Baba, utammaliza mama humu ndani."

"Niyalaze nje?" aliuliza Apollinarie. Hakuwa na kiburi, alikuwa anauliza kweli. "Eufrazia mwanangu, niyaache nje, peke yake?"

Eufrazia aliinama tena, mzigo wa mtoto ukamzuia. Akamfungua mtoto mgongoni na kumlaza kitandani kando ya bibi yake, apate nafasi ya kuyatoa tena yale makopo.

Odeta alimtazama. Mtoto alikuwa mnene, ana mikunjo mapajani, na alikuwa anapiga miayo. Bibi akanyoosha mkono wake mmoja amguse, na kabla hajamfikia akaona paji la uso la mtoto linang'aa. Hapakuwa na jasho. Aliligusa kwa kidole, likanata.

"Mtoe," alisema.

"Mama, hata hujambeba."

"Nimemwona. Mtoe sasa hivi. Mpanguse kwa mawese, na msilale hapa hata siku moja. Lori linarudi saa kumi."

Eufrazia alitaka kubisha, akaliona lile paji, akambeba mtoto akatoka naye mbio. Kupitia ukutani Odeta alimsikia mtoto akilia kwa kinywa kipana huko uani, akipanguswa, na kilio kile kilimtuliza. Alisikiliza mpaka lori likaja na likaondoka.

Apollinarie aliingia, akaurudisha mlango vizuri nyuma yake, akainama na makopo ya madawati sitini.

"Ana paji la mama yangu," Odeta alimwambia.

"Nimeliona," alisema Apollinarie, na akamwomba ainue mkono kidogo, apitishe makopo.