Ruhusa ya Kumzika Mama Adolphine

Mama Adolphine alikufa Jumatano alfajiri, katika nyumba ya mwanawe Urbain pale mtaa wa Kataki, akiwa amepita miaka tisini kwa hesabu ya misheni. Jioni iliyotangulia alikula bukari, yaani ugali, kwa ndagala wa ziwani, akamgombeza mkwe wake, mke wa Urbain, kwamba chumvi imezidi, kisha akaenda kulala. Kulipokucha hakuamka. Hakuna aliyesema amerogwa. Majirani walisema, "Amechoka, amekwenda," na hata waliolia walilia kwa utulivu. Kwenye karatasi za serikali majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa miaka mingi, lakini hakuna aliyethubutu kumwita yule mama jina lingine.

Urbain alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha nyavu karibu na bandari ya Kalemie. Asubuhi ile alipeleka habari biro, yaani ofisini, na mkuu wa wafanyakazi, Citoyen (yaani Raia) Banza, akampa siku nne papo hapo, akamshika mkono kwa huzuni ya kweli. Banza hakuwa mtu mbaya. Ila vilio vilikuwa vimemchosha. Mwaka ule wa 1984 peke yake, fundi mmoja alikuwa amemzika mama yake mara tatu, na kila mara alirudi kazini amenenepa kidogo. Ndipo Banza akabandika karatasi ukutani: konji ya kilio, yaani likizo ya msiba, ni kwa baba, mama, mke, mume, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Wengine wote wazikwe baada ya saa za kazi.

Saa nne akaingia Kalenga, makanika wa mashine za kufuma nyavu, mikono imejaa mafuta.

"Sefu, naomba konji ya kesho asubuhi. Mimi na wenzangu wawili. Ni kwa kumuzika Mama Adolphine."

"Pole sana, Papa Kalenga. Yeye ni nani kwako? Nyanya?"

"Hapana."

"Shangazi? Mama mukwe?"

"Hapana, sefu. Hatuna damu moja hata tone. Njo maana lazima nimuzike."

Banza akaweka kalamu chini. Alikuwa amesikia uongo wa kila namna mbele ya meza ile, lakini huu haukufanana na uongo.

Kalenga akamweleza taratibu. Ukoo wake na ukoo wa Mama Adolphine ni watani tangu mababu waliposhuka kutoka milima ya Marungu. Mwenye kufiwa hukaa chini akalia. Hashiki jembe, habebi maiti. Mtani ndiye anayechimba, ndiye anayebeba, na ndiye anayewachekesha wenye msiba mpaka wakumbuke kula. Siku ukoo wa Kalenga ukifiwa, watu wa Urbain watafanya vilevile. Sasa wanaume wenye nguvu wa ukoo wake waliobaki mjini walikuwa watatu tu, na wote watatu waliajiriwa pale kiwandani. Wengine walikuwa kwenye kambi za uvuvi, au wazee wa kutembelea fimbo.

"Karatasi inasema baba, mama, mume, muke," Banza akasema.

"Karatasi inamujua anayelia, sefu. Haimujui anayechimba."

Banza akatazama dirishani, ambako marundo ya nyavu za wavuvi wa Moba yalingoja kumalizwa. Boti ingepakia Ijumaa. "Nikikupa wewe leo, kesho watasimama hapa watu mia, kila mumoja na mutani wake. Siwezi."

Kalenga hakubishana. Alikuwa na watoto sita na kazi moja. Akarudi kwenye mashine, akazishughulikia kutwa nzima bila kupiga mluzi, jambo ambalo wenzake walilitambua.

Kule Kataki kilio kilijaa watu. Walikuja kutoka Nyunzu kwa treni, wakaja kutoka vijiji vya ufukweni kwa mitumbwi, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani. Lakini wote walikuwa wa kukaa na kulia. Alhamisi asubuhi kaburi lilikuwa bado halijaguswa, na Urbain alizunguka ua wake kama mtu aliyeandaa karamu akasahau kuwasha moto.

Basi shangazi yake Kalenga, Mama Philomène, aliyekuwa amemwosha marehemu pamoja na wanawake wa ukoo wake, akajifunga kitenge kiunoni. "Tutawafuata wenyewe," akasema.

Walifika kiwandani saa mbili na nusu, wanawake watano, nyuso zimepakwa majivu, Mama Philomène amevaa suruali ya marehemu mumewe nyuma mbele. Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa pale pale ziwani. Alipoona majivu alijua ni watani, akafungua bila kuuliza. Wakaingia moja kwa moja biro. Banza alikuwa amesimama akitafuta faili. Walikibeba kiti chake pamoja na daftari la mahudhurio, wakakiweka katikati ya uwanja. Mama Philomène akakikalia, akajitengenezea miwani kwa kijiti cha ufagio, akafungua daftari juu chini.

"Anayefuata," akasema kwa sauti ya Banza, ile ya puani. Mwanamke mmoja akajilaza chini mbele yake kama maiti. "Wewe, umekufa? Nani alikupa ruhusa? Leo ni Alhamisi. Rudi nyumbani, ufe Jumapili, hatuna kazi Jumapili."

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Wafanyakazi walijaa milangoni, wengine wameshika mbavu. Kalenga alijificha nyuma ya rundo la nyavu, hajui acheke au akimbie.

Banza alitoka amekasirika. Alifungua mdomo kumwita mlinzi. Wakati huohuo maiti akanyanyua kichwa, akauliza kwa upole, "Sefu, na malipo ya saa za nyongeza nitapata?" Banza akacheka mbele ya wafanyakazi wake wote, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Alipotulia akafuta macho, akakaa kwenye ngazi ya biro, karibu na Mama Philomène.

"Mama," akasema, "mimi ni mutu wa Ankoro. Walipomuzika babu yangu kulikuwa na watu walikuwa wanacheka na kuruka. Nilikuwa mutoto mudogo. Niliwachukia. Nilizani ni walevi."

"Na kaburi, nani alichimba?"

Banza akafikiri. Aliona mbele yake udongo mwekundu wa Ankoro, na migongo ya watu ikipanda na kushuka ndani ya shimo.

"Wao," akasema.

"Basi umesikia."

Banza akainuka, akamwita Kalenga na wenzake wawili. Waende sasa hivi. Nusu siku ile wataifidia Jumamosi mchana. Akawageukia waliobaki, akawauliza kama wanaweza kuendesha mashine bila makanika hadi saa nane, na wakajibu kwamba zikigoma watazitukana mpaka zitii. Banza akachukua fomu ya konji. Mahali palipoandikwa kwa Kifaransa "uhusiano na marehemu", kalamu yake ilisimama. Alijua Kifaransa vizuri, lakini hakulipata neno. Mwishowe akaandika kwa Kiswahili: mtani. Akapiga muhuri juu yake.

"Nitakuja mwenyewe," akasema, "nihakikishe munachimba kweli."

Walichimba. Ardhi ilikuwa na mawe, jasho likawatoka, na matusi yao yalisikika mpaka barabarani: kwamba Mama Adolphine alikuwa mchoyo wa mboga ya sombe, kwamba mguu wake ulikuwa mkubwa kama kasia, kwamba mbinguni watamrudisha kwa sababu ya mdomo wake. Wenye msiba walianza kwa kutabasamu. Saa sita jeneza lilipofika, Kalenga alikuwa amelala chini kaburini, mikono kifuani, anakataa kutoka.

"Pazuri huku," akaita. "Atafute pengine."

Ilibidi Urbain aahidi jogoo mmoja. Kalenga akataka wawili. Hapo Mama Philomène akatokea amevaa kitenge cha marehemu, ameinama kama yeye, akanyoosha kidole kwa mke wa Urbain: "Na wewe, chumvi." Mkwe yule, ambaye alikuwa amelia siku mbili kwa sababu neno la mwisho aliloambiwa lilikuwa la kugombezwa, alipiga kelele ya kicheko, akamkumbatia Mama Philomène, na wote wawili wakacheka machozi yakiwatiririka. Urbain naye akacheka. Baadaye alisema kwamba dakika ile ndipo alipokubali kwamba mama yake amekwenda, na amekwenda salama.

Banza alipewa ufagio, kwa kuwa mtu mwenye mikono mitupu pale alikuwa mzigo. Alifagia ua wa Urbain kwa bidii, koti lake la abakosti limepakwa majivu mgongoni na mtu asiyejulikana, kisha akala bukari na watani kwenye sahani moja.

Nyavu za Moba zilipakiwa Ijumaa jioni. Kalenga na wenzake walifidia saa zao Jumamosi wakiimba, ingawa mwenye kazi hakuwaomba waimbe. Jumatatu karatasi ya ukutani ilikuwa na mstari mpya, wa mkono: "Mtani mwenye kazi kaburini: nusu siku. Alete shahidi kutoka kwa wafiwa." Watu walisimama kuisoma, wakaulizana nani ni mtani wa nani, na wawili waliofanya kazi meza moja miaka minane waligundua siku hiyo kwamba wanaruhusiwa kutukanana.

Mchana Banza alimfuata Kalenga mashineni.

"Papa Kalenga, mimi niko mbali na kwetu. Nikifia hapa Kalemie, nani atanichimbia?"

Kalenga akafuta mikono kwa kitambaa, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Na tumbo hilo, sefu? Shimo lako litatuchukua juma zima. Anza kutuombea konji sasa."

Banza akaondoka akicheka, akielekea biro, na kila aliyepishana naye njiani alipewa tusi jipya dogo, Banza akijipima kama naye ana ujuzi wa utani.