Dakika Moja kwa Aliyepumzika

...na miguu ndiyo iliyosimama, mimi mwenyewe nilikuwa bado nimekaa, viti vimekwaruza sakafu vyote kwa pamoja na changu kimo, sasa tumeizunguka meza hii ndefu tumeinamisha vichwa, kamati nzima ya shahada za heshima inamwombolezea mama ambaye leo asubuhi nimeongea naye kwenye simu akanikaripia kwa sababu nimesema "kiukweli" mara mbili ndani ya sentensi moja, na hakuna anayeweza kufungua mdomo kwa sababu ni dakika ya kimya, adabu ya ajabu hii, ukishasimama kumkumbuka mtu huwezi tena kumtetea, mwenyekiti amefumba macho, mikono ameifumbata tumboni, pumzi zake ni za mtu aliyetua mzigo, na kweli ametua, maana sasa hivi tu mzigo ulikuwa hapa mezani, majina mawili na nafasi moja, mahafali mwezi ujao, jina la kwanza la tajiri wa saruji anayetujengea maktaba, jina la pili la Mama, mhariri, yule ambaye mji mzima ulimwita Kalamu Nyekundu, na aliyelileta jina hilo ni mimi, mwaka wa tatu huu nalileta, halafu katibu akakohoa kidogo, katibu wetu ni mtu mpole kupita kiasi, akijigonga kwenye mlango huuomba mlango radhi, akasema, "Mwenyekiti, nasikitika, nilipiga simu nyumbani kwake mchana huu kuuliza kama afya itamruhusu kuja mwenyewe kuvalishwa joho, akapokea binti mmoja, akaniambia Bibi amepumzika," na profesa wa sheria akasema, "Aaa, jamani, lini?" na katibu akasema, "Nadhani ni leo leo, binti alikuwa anaongea kwa sauti ya chini mno, sikutaka kumdadisi," na mwenyekiti hakungoja, akasema, "Tusimame dakika moja, kisha tutaendelea na jina lililobaki."

Jina lililobaki... amepumzika, neno hilo, kati ya maneno yote ya lugha hii wamemuua kwa neno hilo, laiti angelisikia, wiki yangu ya kwanza chumba cha habari niliandika tanzia ya mpiga ngoma mmoja mzee, nikaandika amepumzika, nikaona nimeandika vizuri, akaniita mbele ya meza yake na mashine zote za chapa zikanyamaza ili watu wasikie, "Bwana mdogo, huyu mzee amepumzika?" nikasema ndiyo, Mama, "Akimaliza kupumzika atafanya nini?" wakaanza kucheka huko nyuma, "Mtu aliyepumzika huamka akaomba chai, huyu ataomba chai?" nikasema hapana, Mama, "Basi amekufa, andika amekufa, watoto wake wanajua tayari, hawatashtuka, tasfida zako zipeleke msibani, hapa ni gazetini," na kalamu ikapita, nyekundu, nikaliona neno langu limelala chini ya mstari, lakini yeye mwenyewe mchana kurasa za mwanzo zikishaenda mitamboni aliunganisha viti viwili akajilaza na gazeti la jana usoni, na mtu akipiga simu tarishi alijibu, Mama amepumzika, piga baadaye, hiyo ndiyo amepumzika pekee iliyoruhusiwa katika jengo lile...

Sauti ya chini, katibu amesema binti aliongea kwa sauti ya chini, mbona nami nimesimama kama mlingoti, mtu anaongea kwa sauti ya chini kwa sababu analia au kwa sababu kuna mtu amelala chumba cha pili, lakini Mama alilazwa hospitali mwezi uliopita, kifua, na asubuhi kwenye simu alikuwa anakatisha maneno kuvuta pumzi, nikamwambia usiongee sana Mama, akaniambia nani amekuuliza, na simu yangu iko kwenye kikapu pale mlangoni pamoja na simu zote, sharti la mwenyekiti tangu majina ya mwaka mmoja yalipovuja magazetini kabla ya kikao kwisha, naiona kutoka hapa, iko juu ya nyingine, nyeusi, imezimwa, huenda kuna mtu ananitafuta sasa hivi... hapana, ngoja, fikiri kama mwandishi, nani amesema, amesemaje hasa, binti amesema Bibi amepumzika, halafu? katibu aliongeza kitu kingine wakati viti vinakwaruza, alisema, "Akaniomba nipige tena jioni, bila shaka wana mambo mengi," alisema hivyo, nilimsikia, nipige tena jioni, nani anamwambia mtu apige jioni kuongea na maiti, binti huyo ni mjukuu wake, namjua, anafunga mlango wa chumba taratibu na kuja sebuleni kwa ncha za vidole kwa sababu bibi yake akiamshwa kabla ya wakati nyumba nzima hupata habari zake, amelala, mchana huu watu wazima wote tumesimama wima kwa sababu mama wa watu kala chakula cha mchana akajilaza.

"Pole sana," profesa wa sheria ananinong'oneza pembeni, kimya kimya lakini meza nzima inasikia, "najua mlikuwa karibu, alikuwa hazina," na nimeitikia kwa kichwa, kwa nini nimeitikia, shingo nayo imefanya mambo yake kama miguu, sasa nimepokea pole, nimeshiriki msiba, hazina! kabla hatujasimama huyu huyu alikuwa anasema mgombea ana utata, "mwenzangu, simkatai, nasema tu ana utata, alishtakiwa mara ngapi yule mama?" na mwingine akadakia kwamba lugha yake ni kali, na mwenyekiti akasema tungependa mtu anayetuunganisha, saruji inaunganisha, sawa, hiyo nilitaka kuisema nikaimeza, na ndiyo kawaida ya hapa, mtu akiniuliza chuo kinawachaguaje hawa watu simwambii uongo, namwambia kuna mwongozo, mchango uliotukuka, uadilifu, kipaji, asiwe marehemu kwa sababu joho halivalishwi kiti, halafu tunakaa, mwenyekiti anasoma jina, anauliza, "Kuna mwenye neno?" anatazama dirishani kama mtu anayengoja mvua, kisha anasema tumekubaliana, na katibu anaandika kwenye muhtasari "kwa kauli moja," na ni kweli, kauli ilikuwa moja, ya mwenyekiti, hatujapiga kura tangu nijiunge, tumempa balozi aliyekuwa anahama, tumempa yule bwana wa mpira aliyeuliza kwenye mazoezi ya mahafali kuanzia lini anaruhusiwa kusaini Daktari, na akaanza siku hiyo hiyo, hata kwenye kadi ya harusi ya mwanawe kajiita Daktari, na mimi nilikuwepo kwenye kauli moja zote hizo, nikila biskuti...

Bado tu? dakika gani hii, saa ya ukutani imekufa siku nyingi, hiyo ndiyo imekufa kweli, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinua kichwa, chini ya saa kuna picha ya mlezi wa zamani wa wanafunzi ndani ya joho lenye mistari ya dhahabu, jengo hili lina jina lake, naye alipewa, kwa kauli moja nadhani, na ni yeye, huyu huyu anayenitazama, ndiye aliyemfukuza Mama hapa chuoni, Mama wakati huo alikuwa mwanafunzi, alikuwa na kijigazeti cha kurasa mbili, akaandika kwamba mlezi anawauzia wanafunzi magodoro ya bweni ambayo chuo kimeyanunua wapewe bure, hakuitwa kuhojiwa, alipewa barua ya kuondoka, wakamtoa kwa mlango wa jikoni na godoro kichwani, mlinzi akamwambia, "Godoro liache, mali ya chuo," akamjibu, "Muulize mlezi wenu, mimi nimelinunua kwake," kila mara akifika hapo kwenye hadithi alicheka mpaka akashika mbavu, miaka yote niliyofanya naye kazi aliisimulia kama kichekesho, nikadhani ni kichekesho, mpaka leo asubuhi, "Wamesemaje?" nikamwambia kikao ni mchana, Mama, "Aa," halafu akasema, "Nimevitoa vile viatu vyeusi, nimemwambia huyu mtoto avipake rangi," nikasema vizuri, kiukweli usijipe presha, kiukweli watakubali safari hii, "Kiukweli moja inatosha," akasema, "na ukisema moja tayari nakushuku," akavuta pumzi, "Sina haja na hilo joho lao, litaninyonga, nataka niingie kwa mlango wa mbele tu, mara moja, huku macho yangu yanaona," na akakata simu bila kuaga, ndivyo alivyo, hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote, mimi ndiye wa kuomba, niombee nafasi Mama, nisomee ukurasa huu Mama, niandikie barua ya utambulisho Mama, na kiti hiki ninachokitetemekea nilikipata kwa barua yake.

Na nimemtetea vipi, haya, sema, wasifu wake uko hapa mbele yangu juu ya meza, niliuandika mwenyewe, "Baada ya kuacha masomo alijiunga na tasnia ya habari," kuacha! mwenyekiti aliniita ofisini kwake akanitilia chai, "Mwenzangu, neno alifukuzwa linatuletea maswali, nani alimfukuza, kwa nini, weka aliacha, inatosha, unataka apite au hutaki?" nikasema nataka, nikaweka aliacha, nikaona nimecheza vizuri, kumbe ndiyo hiyo, amepumzika ya kwanza ni yangu, katibu ameweka ya pili tu, mimi nilishamlaza na kumfunika gazeti usoni mwezi mzima uliopita, hawa nawakasirikia nini, wamesoma nilichowapa, mwanamke aliyeacha masomo, kama mtu anayeacha kuvuta sigara, hana ugomvi na mtu, hana godoro, hana mlango wa jikoni, mtu wa namna hiyo kwa nini apewe na wao, kwa nini apewe na mtu yeyote, na akipita kwa wasifu huu ndipo utasomwa ukumbini kwa kipaza sauti naye amekaa mbele na viatu vyake vilivyopakwa rangi, atalisikia neno hilo, aliacha, hatasema kitu pale jukwaani, atanitazama tu, na hiyo itakuwa mbaya kuliko kalamu...

Mwenyekiti amesogeza mguu, amefumbua jicho moja akalifumba, karibu atasema asanteni, tukae, na tukikaa tu atasoma jina la saruji, atauliza kuna mwenye neno, atatazama dirishani, lazima niwe tayari, nianzeje, Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, naomba kwa ruhusa yako nirejee kidogo taarifa ya ndugu katibu, huenda pametokea kutoelewana... hapana, naiona kalamu, anafuta kwa heshima na taadhima, anafuta naomba, anafuta kidogo, huenda umeipata wapi, unajua au hujui? ninajua, Mama, basi sema, habari mstari wa kwanza, bwana mdogo, msomaji amesimama kituoni hana muda na salamu zako, na wao watafanya nini, katibu atataka ardhi immeze maskini, profesa atairudisha hazina yake mfukoni na kuutoa tena ule utata, mwenyekiti atafungua macho na mzigo utarudi mezani, na hatapata, hilo nalijua sasa, nimelijua hapa hapa nikiwa nimeinama, walimpenda kwa muda wa dakika moja kwa sababu walidhani hawezi kuja, akiwa hai watampa wa saruji, sawa, wampe, lakini haitaandikwa kauli moja, leo muhtasari utasema kulikuwa na mtu mwenye neno na neno lenyewe lilikuwa hili na hili, alifukuzwa, nani alimfukuza, huyo hapo ukutani, kwa nini, magodoro, na jioni nitampigia mimi, si katibu, atakuwa ameamka, atakuwa na chai yake, ataniuliza wamesemaje na nitamwambia walivyosema, neno kwa neno, na nilivyosema mimi, kiukweli hakuna... feni inapeperusha kona ya ajenda, kiti hakijasogea, vichwa vyote chini, kimya bado, mwenyekiti bado amefumba macho, na mimi changu nimekiinua, nimekiinua peke yangu, neno ninalo, liko nyuma ya meno, halina mwenyekiti mbele yake wala samahani nyuma yake wala heshima ya aina yoyote ndani yake, hajafa.